Chaneli Safi Mpaka Amalize

Jumamosi asubuhi, vikombe vya chai vikiwa bado mezani, Bi Masikio alipiga magoti mbele ya amplifaya na kitambaa mkononi, akaanza kurudisha vitufe mahali pake. Amplifaya hiyo ilikaa sebuleni, kati ya kochi na mlango wa jikoni, mahali ambapo watu wengine huweka friji. Ilikuwa nyeusi, nzito kama mgeni aliyeshiba, na ilikuwa na chaneli tatu. Ya kwanza ilikuwa ya sauti safi. Ya pili ilikuwa ya mkwaruzo, ile sauti ya gitaa inayochanika kwa kuzidiwa nguvu. Ya tatu ilikufa zamani, haikutoa kitu ila pumzi. Pembeni ya kila kitufe palikuwa na nukta ya rangi ya kucha, nyeupe kwa chaneli safi na nyekundu kwa chaneli ya mkwaruzo. Nukta hizo alizitia yeye mwenyewe, na kila Jumamosi alikuta vitufe vimezihama.

Siku hiyo kitufe cha geni, kile kinachoamua sauti iingie na nguvu kiasi gani, kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Hapakuhitajika upelelezi. Aliyekizungusha alikuwa chumbani akitafuta soksi.

Shemeji yake, ambaye ni mpiga besi na mdogo wa mumewe, alichomeka gitaa, akagusa uzi mmoja. Amplifaya ikasema kwa sauti ya mwanamke, laini, iliyochoka kidogo:

"Nani ameacha bomba la jikoni wazi?"

"Mimi, mama," akasema mpiga ngoma wa bendi yao, akainuka kwenda kulifunga.

Ilikuwa sauti ya Bi Masikio. Mwenyewe alikuwa bado amepiga magoti, midomo imefumba, anafuta vumbi kwenye pembe.

Sauti ilimhama taratibu, kama wanavyohama wapangaji wenye aibu. Bendi ilikuwa ikifanya mazoezi sebuleni kwake tangu alipoolewa, na mumewe, mpiga gitaa wao, aliitwa Kiongozi na kila mtu, hata na watoto wake. Bi Masikio alipewa jina hilo kwa sababu aliweza kusikia uzi unalegea akiwa jikoni, mafuta yanachemka. Alikuwa akija kusimama mlangoni na mwiko mkononi, anaanza, "Uzi wa tatu ume—" na Kiongozi anainua kiganja.

"Subiri, mama watoto. Tumalize kwanza."

Alisubiri. Wimbo uliisha ukaanza mwingine, kitunguu kikaungua, na sentensi ikabaki nusu. Kesho yake ikaja nyingine. Sasa nusu za sentensi nazo ni vitu, lazima zilale mahali. Amplifaya ilikuwa hapo hapo njiani, imewashwa, na tundu lake la waya liko wazi.

Siku moja maziwa yalipanda jikoni. Bi Masikio akafungua kinywa, hakikutoka kitu, na amplifaya ikasema, "Maziwa yanamwagika." Mpiga ngoma akakimbia kuyaepua. Yalikuwa yanamwagika kweli.

Daktari waliyempelekea alikuwa mtu mwema. Alikipasha kijiko joto kwa kiganja chake kabla ya kumwekea mgonjwa ulimini. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Koo zima kabisa," akasema. "Sauti tu ndiyo haimo. Nyumbani kuna chombo cha muziki?"

"Kipo," akasema Kiongozi.

"Basi iko humo." Akaandika: chaneli safi, kutwa mara moja, bila kukatizwa, mpaka amalize sentensi zake zote. "Akishazimaliza itarudi yenyewe. Sauti haikai mahali ambapo haina kazi."

"Na akikatizwa?"

"Mtaanza upya."

Walianza siku ile ile. Shemeji alikaa kwenye kigoda, akapiga nyuzi polepole, na Bi Masikio akaanza na sentensi ya zamani kuliko zote. "Uzi wa tatu umelegea," ikasema amplifaya, na kila mtu akageuka kutazama gitaa. Lakini gitaa lililokuwa na uzi huo lilikuwa limeshauzwa, na aliyelinunua alikuwa ameshafariki. Akaendelea na ya pili. Katikati ya ya tatu wakaingia wageni. Kesho yake kulikuwa na mpira redioni. Keshokutwa yake Kiongozi alipata kiitikio kipya na hakutaka kimponyoke. Wakaanza upya, wakaanza upya tena, mpaka neno lenyewe la kuanza likachoka.

Halafu likatokea jambo la ukumbini. Bendi ilikuwa ikipiga dansi la Jumamosi alasiri, na Kiongozi, bila kufikiri, akakanyaga kile kidude cha miguuni kinachohamisha sauti kutoka chaneli ya kwanza kwenda ya pili. Sauti ya mkewe, iliyokuwa humo ndani ikitafuta njia, ikapitia huko. Kupitia mkwaruzo maneno hayapiti, hupita kilio tu. Kikatoka kirefu, kimechanika pembeni kama shuka kuukuu, na ukumbi mzima ukasimama. Kuanzia siku hiyo bendi ikajulikana kwa gitaa linalolia. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali. Redioni mtangazaji alimuuliza Kiongozi siri yake ni nini.

"Siri ni mkono," akajibu Kiongozi.

Bi Masikio alikuwa akiosha vyombo aliposikia. Alitaka kucheka, lakini amplifaya ilikuwa imezimwa.

Jioni ile shemeji alimpigia nyuzi, akageuza uso dirishani kama kawaida yake, maana hakupenda kumkodolea macho mtu anayesema na mumewe.

"Kinachotoka kule si wimbo," ikasema amplifaya. "Ni mimi nasema uondoe viatu vyako vyenye matope kwenye zulia."

"Wanakipenda," akasema Kiongozi.

"Nimekisema wiki nzima."

"Ndiyo maana kina hisia." Akavua viatu, akaviweka kwenye zulia. "Msimu huu ukiisha tutafuata dawa ya daktari. Nakuahidi, mama watoto. Safi tupu, kutwa mara moja."

Msimu ukaisha, ukazaa msimu. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini hawakusema mbivu zenyewe zikisubiri sana huwaje.

Basi Jumamosi hii ninayoisimulia, binti wa Bi Masikio alikuwa amekuja. Alikuja na mtoto wake wa kike, mwenye meno mawili na shingo ya kujua kila kinachopita. Walikuwa wamekuja kuaga. Baba wa mtoto alipata kazi nchi ya mbali sana, na kesho yake asubuhi walikuwa wamfuate, kwa mkataba ambao ukiisha mtoto atakuwa anasoma. Kule walikotoka, kwa upande wa baba wa mtoto, nako kulikuwa mbali, kwa hiyo bibi na mjukuu walikuwa wamepakatana mara chache na hawajawahi kuzungumza. Bibi alikuwa akimwogesha, akimbembeleza, akimpuliza chakula kikiwa moto, yote kimya. Mtoto alimtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mlinzi wa benki.

"Mama," binti alisema akikunja nepi, "nimejaribu kumwimbia ule wimbo wako wa kulala. Maneno nimeyakumbuka yote. Ila sauti yako yenyewe, nikiitafuta kichwani, naikuta ile ya ukumbini. Ile ya kuchanika. Nyingine sina."

Bi Masikio akaacha kitambaa. Akamtazama shemeji. Shemeji akalichukua gitaa bila kuambiwa.

"Kiongozi," ikaita amplifaya.

Kiongozi akatokea mlangoni na soksi moja.

"Leo nataka wimbo mmoja kwenye chaneli safi. Kisha nimsemeshe mjukuu wangu, nimalize."

"Leo? Jumamosi?" Kiongozi akaitazama soksi kama aliyetegemea itamtetea. "Watu wanakuja kusikia kilio, mama watoto. Si ufanye hapa hapa sasa?"

"Gari la vyombo linakuja sasa hivi. Na jioni utasema umechoka. Na kesho alfajiri wanaondoka. Huyu mtoto hajawahi kusikia jina lake kinywani mwangu."

Kiongozi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na haraka yake ilikuwa na miaka mingi. Akamtazama mtoto, mtoto akaitazama soksi.

"Haya. Wimbo wa tatu," akasema. "Safi. Mpaka amalize."

"Nimesikia," akasema shemeji.

"Na mimi nimesikia," akasema mpiga ngoma kutoka jikoni.

Wakambeba amplifaya watu wawili, wakampitisha mlangoni kwa ubavu. Nyumbani humo walikuwa wamezoea kuisema amplifaya kama mtu, na hakuna aliyejua zoea hilo lilianza lini.

Ukumbini, Bi Masikio alipandisha mikono ya gauni, akaanza kazi. Hakuna mwingine katika bendi aliyeweza kuipamba sauti ya gitaa. Kiongozi alijua kitu kimoja tu, kuongeza. Bi Masikio alianza kwa kuweka vitufe vyote katikati, kama mtu anayesawazisha kitanda kabla ya kutandika. Kisha akashusha geni ya chaneli safi, shemeji akapiga uzi kwa nguvu zote, akaipandisha kidogo kidogo mpaka sauti ikawa kama inataka kuchanika na haichaniki. Hapo ndipo penyewe. Akapunguza besi, zile sauti nzito za chini, kwa sababu jukwaa lilikuwa la mbao na lilikuwa na besi yake ya kuzaliwa nayo. Akaongeza sauti za kati, ndiko anakokaa binadamu. Trebo, zile sauti nyembamba za juu, akaiacha kali kuliko sikio lilivyopenda, maana ukumbi ulikuwa mtupu, na alijua nguo na miili ya watu itakuja kuimeza. Mwisho akalinganisha ukubwa wa chaneli mbili, ili atakayehama kutoka moja kwenda nyingine asiwe kama amepigwa kofi.

Alipogeuka kuchukua rangi ya kucha atie nukta za ukumbi huo, Kiongozi alipita na waya begani, akaongeza geni.

Akairudisha. Kiongozi akapita akielekea upande mwingine, akaongeza. Akairudisha. Mara ya tatu Bi Masikio alimshika mkono, akautoa kwenye kitufe taratibu, kama unavyoutoa mkono wa mtoto kwenye sukari.

"Debe tupu haliachi kuvuma," ikasema amplifaya. Shemeji alikuwa bado ameshika uzi.

"Nani huyo?" akauliza Kiongozi.

"Mkeo," akasema mpiga ngoma.

"Nilidhani ni kengele ya mlango." Akaenda zake kutafuta soketi.

"Kumweleza kaka yangu habari za geni," akasema shemeji, "ni kumpigia mbuzi gitaa."

"Usimwonee mbuzi. Mbuzi angalau angekaa akasikiliza," akasema mpiga ngoma, akafunika ngoma yake ndogo kwa taulo ili wimbo wa tatu ukija isimzidi mama sauti. Hakuna aliyemtuma. Bi Masikio aliliona taulo lile, akalikunja vizuri pembe moja iliyokuwa imening'inia.

Watu walikuja, wakajaa. Binti alipewa kiti cha mbele kabisa, na Bi Masikio akakaa kando yake na mtoto mapajani. Wimbo wa kwanza ulipita kwenye chaneli ya mkwaruzo. Gitaa likalia, watu wakainua mikono. Bi Masikio alikuwa akisema, kwa upande wake, kwamba dirisha la nyuma lingefunguliwa watu wangepata hewa. Wimbo wa pili ukapita vivyo hivyo, na dirisha likabaki limefungwa.

Kiongozi akafuta jasho. Akamtazama mdogo wake, akamtazama mpiga ngoma aliyekuwa ameinua vidole vitatu. Akakanyaga kidude, taa nyeupe ikawaka.

Sauti ikatoka safi. Iliimba:

*Lala, jua limeshuka ngazi,*
*limeacha viatu mlangoni.*
*Nani atavivaa? Wewe, kesho.*
*Leo lala, ni vikubwa mguuni.*

Waliokuwa wakicheza wakapunguza, kisha wakabaki wameshikana tu. Muuza soda alisimama na chupa mkononi bila kuifungua. Binti aliweka kiganja begani kwa mama yake, akakiacha hapo. Mtoto aliitazama midomo ya bibi yake, iliyofumba. Akaitazama amplifaya. Akarudi kwenye midomo. Akafanya hesabu zake za mtu wa meno mawili, akaamua.

Wimbo uliisha. Kiongozi alikuwa bado ameshikilia nyuzi za mwisho, zinavuma, kama alivyoahidi, na Bi Masikio akavuta pumzi. Chaneli ya tatu, ile mbovu, ikasikika ikivuta.

"Mjukuu wangu," ikasema amplifaya, na ikamwita jina lake. "Anayesema humo ni bibi yako. Huyu aliyekupakata. Usinisahau kwa kuwa nilikuwa kimya, sikuwa kimya, nilikuwa—"

"Kilio!" akaita mtu kutoka nyuma. "Kiongozi, kilio!"

"Kilio! Kilio!" wakaitikia wengine, kwa furaha, bila ubaya wowote, maana Jumamosi ni moja kwa wiki.

Kiongozi akainua macho kuwatazama. Mguu wake haukungoja macho yarudi. Taa nyekundu ikawaka.

Sentensi iliyobaki ikatokea huko. Ilikuwa sentensi ndefu, ilikuwa imekaa muda mwingi, na ilipanda, ikageuka, ikachanika, ikapanda tena, na kila ilipodhaniwa imekwisha ilikuta pumzi nyingine. Watu walipiga kelele mpaka vumbi likadondoka darini. Baadaye walisema kilio kama kile hakijawahi kutoka katika gitaa lolote. Kilichosemwa hakuna aliyekisikia. Shemeji aliondoa mikono kwenye nyuzi zake, akaiweka mfukoni, akasimama hivyo hivyo mpaka dansi likaisha. Hakuna aliyegundua kwamba besi haipo.

Mtoto alicheka, akainyooshea amplifaya mikono yote miwili.

Dansi lilipovunjika Kiongozi alishuka jukwaani, shati limemganda mgongoni. Alikuwa na soda baridi. Akaufuta mdomo wa chupa kwa upindo wa shati, akampa mkewe.

"Umewaona?" akasema. "Mtu mzima kabisa pale alikuwa anafuta machozi."

Bi Masikio akaipokea soda. Akaishika.

"Alikuwa hajamaliza, kaka," akasema shemeji.

"Si nilimpa wimbo mzima? Nimekatiza wimbo mimi?"

"Alikuwa anasema na mtoto."

"Huyu huwa hamalizi," akasema Kiongozi, kwa upole, kama mtu anayesimulia mzigo wake. "Wewe ni shahidi, mdogo wangu. Miaka yote hii namsubiri amalize."

Mpiga ngoma alikuwa akikunja taulo. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Asubuhi gari lilikuja kabla ya jua. Binti alikuwa amefunga mizigo, na wimbo wa kulala alikuwa nao sasa kama ulivyo. Alikuwa akiuimba chini chini akifunga zipu, kwa sauti iliyofanana na ya mama yake. Ulipofika mwisho aliunganisha maneno, "usinisahau kwa kuwa nilikuwa kimya, sikuwa kimya, nilikuwa," kisha akanyamaza hapo hapo, maana hapo ndipo wimbo wake ulipoishia.

Bi Masikio alimbeba mjukuu kumpeleka mlangoni. Katikati ya sebule mtoto akajinyonga kiuno, akanyoosha mkono kwenye amplifaya iliyorudishwa usiku, akakataa kwenda mbele. Akasogezwa. Akaweka kiganja kwenye kile kitambaa cha mbele kinachofunika spika, akakipapasa, na akasema neno lake la kwanza.

"Bibi."

Alikuwa akiiambia amplifaya.

Binti akamtazama mama yake. "Mama, atajua tu," akasema. "Akikua nitamwambia."

Bi Masikio alitikisa kichwa kukubali. Akachuchumaa ili mtoto afike vizuri, akafuta mate yaliyobaki kwenye kitambaa, akarudisha geni kwenye nukta nyeupe. Shemeji, aliyekuwa amelala kochini na viatu vyake, aliamka bila kuitwa, akachomeka waya, akapiga uzi mmoja, akageuza uso dirishani.

"Naam, mjukuu wangu," ikasema amplifaya. "Nipo. Mimi ndiye—"

"Punguzeni jamani," ikatoka sauti ya Kiongozi chumbani. "Watu tumelala."

Nje, dereva akapiga honi. Mtoto alikuwa ameegemeza sikio kwenye kitambaa, ametulia, anasubiri. Shemeji alinyoosha mkono kwenye kitufe cha ukubwa wa sauti, lakini hakujua kishushwe mpaka wapi. Bi Masikio akamwondoa mkono taratibu, akakishika mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayekijua, akajipunguza.